Pongezi kwa Askofu wa Masasi

Trevor Huddleston alizaliwa Uingereza mwaka 1913, lakini moyo wake aliuacha Afrika. Kule Sophiatown, Johannesburg, padri huyu alisimama hadharani kupinga Waafrika kubomolewa nyumba zao. Mwanafunzi mmoja mtundu alipomwambia anatamani tarumbeta, alimtafutia. Mwanafunzi huyo ndiye Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri! Mwaka 1960 Huddleston akaja Masasi kuwa askofu, Tanganyika ikiwa mbioni kupata uhuru, na Mwalimu Nyerere akawa rafiki yake. Mwaka 1968 aling'atuka, akampisha askofu Mwafrika. Kwangu mimi, hilo ndilo linalostahili pongezi kubwa kuliko yote. Alijaliwa kuuona ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ukianguka, akafariki mwaka 1998. Majivu yake yalizikwa Sophiatown.