Fundi Spika wa Ngamiani

Mjomba wangu alikuwa baharia, na mwaka 1986 alirudi Tanga kutoka Dubai na spika mbili za mbao zilizonifika kiunoni. Jioni za Ijumaa baraza yetu ilijaa majirani waliokuja kusikiliza taarab za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa mjini. Miaka kumi na mitatu baadaye besi ikaanza kukwaruza. Tulipovua kitambaa cha mbele, tulikuta lile pindo laini linaloizunguka karatasi limemomonyoka. Ukiligusa linabaki kidoleni, jeusi na lenye kunata kama masizi ya jiko. Nyumba nzima ikakubaliana kwamba spika zimezeeka, zimekufa.

Fundi wa Ngamiani hakukubali. Aliibonyeza karatasi taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, sikio kalitega karibu. Akapima kwa mita: omu sita, nayo ndiyo kawaida ya spika iliyoandikwa nane. Kisha akagusisha nyaya zake kwenye betri ya volti moja na nusu. Karatasi ikaruka mbele, tup! “Mzima huyu,” akasema. “Kilichochakaa ni nguo yake.”

Tangu siku ile naheshimu kazi ya fundi spika kuliko kazi nyingi zenye vyeti ukutani. Yeye anajua kwamba spika haizeeki yote kwa mara moja. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wa General Electric ya Marekani, walieleza spika ya namna tunayoijua: koili nyepesi ya waya iliyogandishwa kwenye karatasi, ikielea ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, na karatasi huisukuma hewa. Ndivyo ilivyo hata leo. Katika mwili huo, fremu ya chuma na sumaku zaweza kumzika mwenye nyumba na mwanawe.

Hata sumaku ina historia yake, na fundi huisoma kwa kuigeuza spika mgongo. Zile za zamani mara nyingi ni za alniko, mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Shaba, katika Zaire ya wakati ule. Vita vilipoingia Kolwezi mwaka 1978, bei ya kobalti ilipaa, na watengenezaji wengi wakahamia kwenye feraiti, zile sumaku nyeusi, pana kama kitumbua. Huwa nalifikiria hilo sana: mtikisiko wa mji wa migodi, ambako Kiswahili husemwa sokoni kama kwetu, ulibadilisha migongo ya spika za watu wasiowahi kuusikia.

Basi kinachokufa ni kipi? Kwanza ni pindo la sponji. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa spika ya sanduku dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi, na besi yake ikazidi ya makabati makubwa. Ili besi nzito itoke kwenye sanduku dogo, karatasi lazima isafiri mbali, na ili isafiri mbali inahitaji pindo laini. Baadaye sponji ikapendwa kwa ulaini huo. Lakini unyevu wa hewa huivunja sponji polepole, hata kama spika imefungiwa kabatini bila kupigwa. Hudumu miaka kumi, kumi na mitano, ikibahatika ishirini. Pindo la mpira au la kitambaa huvumilia zaidi.

Kifo cha pili huletwa na mkono wa mtu. Katika umeme unaoingia kwenye spika ya nyumbani, unaogeuka sauti ni kama sehemu moja tu katika mia. Uliobaki ni joto. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti hukatika kingo, na mara nyingi twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo inayoungua kwanza. Panya, mende na kapasita zilizokauka ndani ya sanduku pia huchangia.

Ila nataka kukaa kwenye meza ya fundi. Alikwangua sponji iliyooza kwa wembe, akasafisha gundi ya zamani kwa spiriti hadi fremu ikang'aa. Akang'oa kile kikofia cha katikati ya karatasi, akakata filamu ya eksirei vipande vyembamba kama unyasi, akavichomeka kuizunguka koili. Hapo ndipo penye ustadi wote. Nafasi kati ya koili na chuma haifiki nusu milimita. Koili ikiegemea upande mmoja kiasi cha unywele, itakwaruza hadi iungue. Kwa filamu zile aliishika katikati kabisa, ndipo akagandisha pindo jipya, kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye fremu, akilizungushia kidole pole pole kama mtu apakaye mtoto mafuta. Hakuzungumza tena mpaka alipomaliza.

Nilimwomba tuzijaribu jioni ile ile. Akakataa, akazifunika kwa gazeti zilale. Asubuhi alivuta filamu moja moja, akaibonyeza karatasi na kusikiliza. Kimya. Akarudisha kikofia.

Alipozeeka, mikono ikaanza kutetemeka, na meza ikabaki kwa kijana aliyemfundisha. Sponji ya pili ilipooza, nilimpelekea kijana huyo spika zile zile, na mara hii akaweka pindo la mpira. Kabla ya kugusa wembe alizipima, akanigeuzia mita niione mwenyewe: omu sita.