Kuutambua Mswada Kabla ya Makofi: Kinjeketile Mbele ya Msomaji wa Fizi

Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vyetu una desturi ya kungojea. Mswada husifiwa baada ya kuchapwa, kuigizwa na kuingizwa katika mitaala. Kabla ya hapo huitwa jaribio. Makala haya yanadai kwamba ubora wa mswada huonekana katika karatasi yenyewe. Mfano wetu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa na Oxford University Press mwaka 1969.

Wengi huisifu tamthilia hii kwa sababu ya historia yake, yaani Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Sifa hiyo haitoshi, kwani hata mswada dhaifu ungeweza kuibeba historia hiyohiyo. Tuusome basi kana kwamba umeletwa mezani leo, bila jina la mwandishi.

Kwanza, ukoloni unaingia kupitia jikoni: wanawake wawili wanazungumzia uhaba wa chakula, na hali ya nchi inaeleweka bila hotuba. Pili, Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anatabiri kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zikimrudia, anatambua kwamba utabiri huo unamwondoa bwana mmoja na kumleta mwingine. Lakini umati umekwisha kuamini. Mvutano huo hauhitaji mwigizaji hodari ili uonekane. Umo katika mpangilio wa nani anajua nini. Tatu, gerezani anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa kukana kungewavunja moyo watakaokuja baadaye. Kasoro zipo: baadhi ya viongozi wanaoyafuata maji hawana sura ya kutosha. Hata hivyo, mhimili hautikisiki.

Msomaji wa Fizi au Baraka ana kipimo cha ziada. Katika uasi wa 1964 na 1965 wapiganaji wa Simba walitegemea dawa na maji ya kinga, wakiita «Mai Mulele». Che Guevara, aliyefika Kibamba, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwezi Aprili 1965, aliandika kuhusu dawa hiyo kwa jicho la kamanda: je, inasaidia vita au inadhuru? Hussein anauliza swali zito zaidi: neno likishaaminiwa, ni mali ya nani? Swali hilo ndilo linaloufanya mswada uvuke Rufiji na kutufikia sisi.

Wapo vijana wetu wanaoandika tamthilia, na hata miswada ya filamu, katika madaftari. Tukiwaambia wangoje kusifiwa Kinshasa au Dar es Salaam kwanza, tutawapoteza. Katika nchi ambayo vita vimewahamisha watu mara kwa mara, daftari halingoji. Kazi ya mhakiki ni kulisoma sasa na kuuliza: hali inaonekana bila kuhubiriwa? Nani anajua nini? Mwisho unamdai mhusika gharama gani? Asiyethubutu kujibu kabla ya makofi hahakiki, anaripoti tu.