"Mutoto" wa Lokua Kanza na Masikio ya Kivu

Wasikilizaji waliozoea rumba ya Kinshasa huikabili albamu ya kwanza ya Lokua Kanza (1993) kwa swali moja: sebene iko wapi? Swali hilo lina msingi. Katika rumba maneno hutangulia, kisha magitaa hushika kasi na watu huinuka kucheza. Kanza, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea jazi mjini Paris, huliweka gitaa chini ya sauti. Angojaye kucheza hubaki ameketi, na aliyeketi huyasikia maneno.

Hapo ndipo wimbo "Mutoto" unapohitaji kutetewa. Sarufi ya shule ingeandika "mtoto". Lakini Masisi na Walikale, ambako Kiswahili huwakutanisha wasemaji wa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga na Kikumu, hutamkwa "mutoto". Tofauti hiyo si ndogo kwa mwimbaji: "m" hufumba midomo, ilhali "mu" huifungua, na sauti huweza kurefushwa. Mhakiki aiitaye kosa amesoma jina la wimbo bila kuusikiliza. Wanafunzi wetu wa Kivu wanastahili kuona lahaja yao ikichambuliwa kabla ya kusahihishwa.