Kinaya cha Aya Moja

Wanafunzi wanaosoma fasihi ya Kiingereza huzoezwa kuigawa riwaya mafungu mawili: fani huku, maudhui kule. Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, inaukataa mgawo huo kwenye ukurasa wake wa mwisho. Okonkwo, mhusika mkuu, amejinyonga. Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, anaondoka akikiwaza kitabu anachotunga. Habari za mtu huyu, anaona, zingeweza kujaza sura nzima, au tuseme aya moja ya kutosha. Kwa sehemu kubwa msimulizi alikuwa amekaa na watu wa Umuofia, kwao Okonkwo. Sasa anahamia kichwani mwa mkoloni, wala hamsahihishi. Hana haja. Msomaji ndio kwanza amemaliza sura 25 za maisha ya mtu huyo huyo, na 13 za mwanzo zilipita kabla wamisionari hawajatia mguu kijijini. Kinaya kinazaliwa na hesabu hiyo. Hata jina la kitabu cha Mkuu wa Wilaya, lenye kudai kwamba makabila yametulizwa, linamsuta mwenyewe: tumekwisha kusikia jinsi watu wa Abame, ukoo mwingine, walivyouawa sokoni, na tumewaona viongozi wa Umuofia wakiitwa kwa mazungumzo kisha wakatiwa pingu. Faini yao ilikuwa mifuko 200 ya simbi. Matarishi wa mahakama wakatangaza 250, ziada wakaila. Ukoloni hapa ni pamoja na suala la nani ameshika kalamu, na dhamira hiyo haionekani bila kule kuhama kwa mtazamo.

Yuko atakayesema Achebe amempendelea Okonkwo tu. (Tafsiri ya Kiswahili, Shujaa Okonkwo, ilimtetea tangu jaladani.) Lakini msimulizi huyu hakuficha panga la Okonkwo likimshukia Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, wala mapacha wakitupwa msituni. Ndiyo maana ile aya inauma: sisi tumeyajua mazuri na mabaya ya Okonkwo, Mkuu wa Wilaya hajui lolote. Hoja ya walimu ni nzito zaidi, kwamba mtihani huuliza mbinu peke yake na dhamira peke yake. Maswali yatenganishwe, si neno. Ila jibu lisemalo "mwishoni kuna kinaya" limetaja jina la mbinu tu. Halijasema kinaya hicho kinamkata nani, wala kwa kipimo gani. Jibu hilo linastahili nusu ya alama.