Mafundi wa Kurasa wa Kigali

Karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Msomaji hana haja na hesabu hiyo, lakini kwa mchapishaji wa vitabu vya watoto ndiyo inayoamua hadithi itakatwa wapi. Kitabu cha picha huwa na kurasa 16, au 24, au 32. Hadithi iliyozaliwa mdomoni mwa bibi, ikirefushwa na kufupishwa kwa kadiri ya usingizi wa wajukuu, sasa inapaswa kuenea humo bila kubanwa wala kupwaya. Mhariri huketi na mswada, penseli mkononi, akitafuta mahali pa kuukata. Tuseme mlango umegongwa usiku, na waliomo ndani wanauliza ni nani. Swali hilo analiweka chini kabisa ya ukurasa wa kulia, ili jibu lisipatikane mpaka mtoto afunue. Angeliweka upande wa kushoto, fisi aliyesimama nje angeonekana kwenye picha ya pili yake, jicho la mtoto lingemrukia, na mshangao ungekwisha kabla haujasomwa.

Huu ni ufundi ninaousifu kwa moyo wote. Kwa raha ya kusoma huwa tunamshukuru mwandishi peke yake, na anastahili. Lakini kati yake na sisi yuko mtu aliyehesabu kurasa, akabishana na mchoraji kuhusu mkia wa sungura, akausoma mstari kwa sauti mara nyingi mpaka akajua mtoto wa miaka sita atapumulia wapi. Asipoifanya vizuri kazi hiyo, tunachoka na kitabu bila kujua tumechoshwa na nini.

Kigali ina mafundi wa namna hiyo. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Editions Bakame, nyumba ya kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Kusoma Kinyarwanda hakukuanza hapo: gazeti la Kinyamateka lilikuwa likitoka Kabgayi tangu mwaka 1933, na jarida la watoto, Hobe, tangu 1954. Kilichokuwa kimebadilika ni nyumba zenyewe. Mabibi na mababu waliokuwa wakisimulia jioni walikuwa wameuawa kwa wingi, na watoto waliobaki wengi wao walikuwa wakilelewa na ndugu wa mbali, au na kaka na dada zao. Hadithi zilikuwa zimepoteza wasimulizi. Kuamua mwaka ule, nchi ikiwa bado inazika watu wake, kwamba mtoto anahitaji pia kitabu chenye picha za rangi na lugha ya mama yake, naona ni uamuzi wa ujasiri mkubwa. Bakame ni yule yule sungura mjanja tunayemjua sisi wa paukwa na pakawa, mdogo wa mwili, anayewashinda wakubwa kwa akili. Mwaka 2008 nyumba hiyo ilipata Tuzo ya IBBY-Asahi ya kuhimiza usomaji, tuzo ya kimataifa inayotolewa kwa wanaowafikishia watoto vitabu.

Kinyarwanda, nacho, kinamtaka mhariri awe makini maradufu. Maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti, wala hayatofautishi irabu fupi na ndefu. Mtu mzima hukisia kwa kufuata maana. Mtoto anayeanza kusoma hukwama. Kwa hiyo sentensi lazima ipangwe ili maneno ya mwanzo yamwongoze kwenye yale yanayofuata, na picha ije kusaidia pale pale penye utata. Tena kitenzi chake, kama chetu, hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja refu. Kwa herufi kubwa za kitabu cha watoto, neno kama hilo hujaza nusu ya mstari, na kulikata vipande viwili ni kumkatisha tamaa msomaji mchanga. Ni mambo madogo, ndiyo. Lakini ndimo mtoto anamopatia hamu ya kitabu cha pili, au anamoipotezea.

Kwa wasomaji wakubwa, Louise Umutoni alianzisha Huza Press mjini Kigali mwaka 2015, akaanza na tuzo ya hadithi fupi kwa waandishi wa nchini. Katika vitabu vya Huza, ninachokiheshimu kuliko vyote ni Not My Time to Die cha Yolande Mukagasana. Mukagasana alikuwa muuguzi mwenye zahanati Nyamirambo, mtaa wa Kigali. Mwaka 1994 mumewe na watoto wake watatu waliuawa. Ushuhuda wake ulitoka kwa Kifaransa mwaka 1997. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Zoe Norridge, ilichapishwa na Huza mwaka 2019. Miaka 22 ilipita kabla kisa hiki cha Nyamirambo hakijatoka kwenye nyumba ya uchapishaji ya mji ule ule. Kuhariri ushuhuda ni kazi ya kujizuia. Mhariri mwenye pupa hulainisha, huondoa marudio, hupanga kumbukumbu iliyovurugika ili ifuatane vizuri. Aliye fundi hujua ni marudio gani ni uchovu wa kalamu na ni yapi ni mtu anayerudi mlangoni kwake kutazama tena.

Habari nyingine za vitabu vya Rwanda, mara nyingi, hutufikia kutoka Paris. Scholastique Mukasonga alishinda Tuzo ya Renaudot mwaka 2012 kwa Notre-Dame du Nil, na mwaka 2024 tuzo hiyo hiyo ikaenda kwa Gaël Faye, kwa riwaya yake Jacaranda. Nilizifurahia habari zote mbili. Hata hivyo, kitabu cha Paris kinauzwa kwa bei ya Paris, na Kigali, kwenye duka la vitabu la Ikirezi au la Caritas, mwanafunzi hukichukua, akasoma jalada la nyuma, akakirudisha rafuni kwa uangalifu. Anayetaka kukisoma chote bila kununua aende maktaba ya umma ya Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012 baada ya Klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga kuhangaikia ujenzi wake kwa miaka mingi.

Na sisi wa Kiswahili? Tangu mwaka 2017 lugha yetu ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na Nyamirambo na Biryogo ilizungumzwa zamani kabla ya sheria hiyo. Vitabu ndivyo vilivyochelewa. Paradise, riwaya ya Mzanzibari Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994, ilipata Kiswahili chake mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoifasiri kwa jina la Peponi na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaichapisha, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Kitabu hicho kilistahili kuja mapema, lakini kimekuja, na kimekuja kwa mkono wa mtu anayeijua Zanzibar.

Ningetamani kazi ya namna hiyo ifanyike kati ya Kigali na Dar es Salaam. Mhariri wa Kigali akae meza moja na mfasiri wa Dar es Salaam, mbele yao hadithi za Bakame, wabishane siku nzima kama jina lake libaki au aitwe Sungura, ili mtoto wa Tanga amtambue mara moja. Mimi ningemwachia jina lake. Mtoto wa Tanga atamtambua kwa ujanja wake.