Ustadi wa Kukaa Kitako

Huko Sonqo, kijiji cha Wakechua katika milima ya Cusco nchini Peru, mtu hatafuni koka hivi hivi tu. Kwanza huchagua majani mazima, kwa kawaida matatu, huyapanga moja juu ya jingine, huyashika kwa ncha za vidole na kuyapulizia huku akiitaja milima na Mama Ardhi. Catherine Allen, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefika hapo mwaka 1975, alifundwa adabu hiyo kama mwali, na kitabu chake cha mwaka 1988 kimesimama juu yake. Huo ndio ufundi ninaousifu: kukaa na watu hadi mikono yako ijue wanachokijua wao.

Mwanaanthropolojia mwenzake John Murra, mzaliwa wa Odessa aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, aliufikia ufundi huo akianzia kwenye makaratasi. Mwaka 1562 mkaguzi wa Kihispania alipita Huánuco, huko huko Peru, nyumba kwa nyumba akiwahoji watu juu ya kodi na mashamba yao. Mwingine angetosheka na nyaraka hizo. Murra, miaka ya 1960, alikwenda na wenzake kwenye vijiji vyenyewe. Akabaini kwamba jamii moja ililima viazi na mahindi kwao, huku ndugu zao wengine wakiishi mwendo wa siku kadhaa, juu kwenye chumvi na malisho, chini kwenye koka, na bado wakihesabiwa wa nyumbani. Walipata vya kila mwinuko bila soko.

Ufundi huu una upofu wake. Mei 1980 wapiganaji wa Sendero Luminoso, kundi la waasi wa Kimao, walianza vita vyao dhidi ya serikali ya Peru kwa kuchoma masanduku ya kura Chuschi, kijiji cha milimani ambacho mwanaanthropolojia Billie Jean Isbell alikuwa amekiandikia kitabu kizima miaka miwili kabla. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Orin Starn aliwalaumu wenzake: mlitazama matambiko, vita vikawapita. Lawama ina haki yake. Anayekaa na wazee husikia ya wazee, na vijana waliorudi na hasira kutoka chuoni hawakuwa kwenye koka ile.

Hata hivyo, nani mwingine angeyaona ya Tupicocha, kijiji cha milimani juu ya Lima? Kila Januari viongozi wapya huvishwa kipu, kamba za mafundo walizoachiwa na mababu, ambazo hakuna tena ajuaye kuzisoma. Mwanaanthropolojia Frank Salomon alizichunguza fundo kwa fundo, kisha akahudhuria mikutano yao, akitazama wanavyoandika daftarini nani kafika kwenye kazi ya kijiji na nani kakosa. Katika kitabu chake cha mwaka 2004 akajenga hoja kwamba kamba zilifanya kazi hiyo hiyo, hadi madaftari yalipozirithi.