Mafundi wa Mivujo wa Nyeri

Miongoni mwa kazi zinazostahili pongezi katika miji ya Mlima Kenya, ile ya kutafuta mivujo katika mabomba yenye maji yanayotembea ina heshima ya pekee, kwa kuwa hufanywa bila kuwakatia wateja huduma. Kampuni ya maji ya Nyeri, NYEWASCO, imesifiwa mara nyingi na mdhibiti wa huduma za maji nchini, WASREB, na maji yake yasiyoleta mapato, yaani yanayosafishwa lakini hayalipiwi, yamekuwa chini ya asilimia 20 wakati kiwango cha nchi nzima kimezidi 40. Sifa hiyo ni haki ya mafundi wake pia.

Mji una miinuko mingi, na kadiri bomba linavyoteremka ndivyo shinikizo, yaani nguvu ya maji kusukuma kuta za bomba, linavyoongezeka. Udongo mwekundu nao hunywa maji, hivyo mvujo waweza kudumu pasipo tone kuonekana. Ndiyo maana upelelezi hufaa usiku wa manane, mifereji ikiwa imefungwa: mita kubwa ya mtaa ikizidi kuzunguka kwa kasi, maji yanapotea. Hapo fundi huweka ncha moja ya fimbo ya chuma juu ya vali na nyingine sikioni, akafuata mlio mwembamba wa maji yanayopenya tundu, vali baada ya vali, mpaka unapokolea. Bomba la chuma husafirisha mlio huo mbali. La plastiki huumeza, na hapo ndipo ujuzi hupimwa kwelikweli, kwa kuwa fundi hulazimika kusikiliza karibu zaidi, mita ya mteja mmoja hadi ya mwingine.